Mkate wa Leo na Jembe la Kesho: Huduma ya Kanisa kwa Maskini katika Mkoa wa Simiyu

(Mada iliyotolewa katika semina ya udiakonia wakati wa maadhimisho ya Yubile ya miaka mia moja ya Usharika)



1. Utangulizi

Katika sheria ya Israeli ya kale, mwaka wa hamsini ulikuwa mwaka wa Yubile. Kwa hesabu hiyo, Usharika unaotimiza miaka mia moja umeifikia Yubile yake ya pili. Katika shangwe za siku kama hizi ni rahisi kusahau kwamba sura ya 25 ya kitabu cha Mambo ya Walawi haizungumzii kugawa mikate. Inazungumzia kurudisha mashamba. Aliyeuza urithi wake kwa sababu ya umaskini alirudishiwa, na aliyekuwa ametumikishwa kwa sababu ya deni alirudi kwa jamaa yake akiwa huru. Hata hivyo, kitabu hicho hicho, katika sura ya 19, kinamwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, ili maskini na mgeni wapate chakula cha siku ile. Mkate wa leo na shamba la kesho viliamriwa pamoja.

Wazee wa Kanisa wameazimia kwamba sehemu ya sadaka ya shukrani ya Yubile ielekezwe kwa kaya maskini za Mkoa wa Simiyu. Katika kuzungumza namna ya kuitumia, yamejitokeza mawazo mawili, na yote mawili yametoka katika mioyo yenye upendo. Wazo la kwanza ni kununua mahindi na kuyapeleka haraka, kwa kuwa mwenye njaa hawezi kungoja. Wazo la pili ni kuanzisha mradi wa kudumu, kwa kuwa mahindi yataliwa na njaa itarudi. Mada hii inakusudia kuonyesha kwamba mawazo haya hayapingani, ila yanahitaji kupimwa kwa kipimo kimoja. Kipimo chenyewe ni swali hili: siku msaada utakapokoma, kaya iliyosaidiwa itakuwa imebaki na nini mkononi?

2. Simiyu na watu wake

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Sehemu kubwa ilimegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga, na Busega, inayogusa maji ya Ziwa Victoria, ilitoka Mwanza. Upande wa mashariki mkoa unapakana na mbuga za Serengeti. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 1.58, sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.1. Katika miaka kumi tu, ardhi ile ile imepata walaji wapya zaidi ya nusu milioni.

Kanisa la Kilutheri lilichelewa kufika Usukumani likilinganishwa na Usambara, Kilimanjaro au Bukoba. Simiyu leo imo katika Dayosisi ya Kusini Mashariki ya Ziwa Victoria, yenye makao yake Shinyanga, ambayo ni miongoni mwa dayosisi changa za KKKT. Kwa hiyo jambo hili linahusu pia uhusiano kati ya usharika mkongwe na sharika changa, na kila mzazi anajua kwamba mkubwa anaweza kumsaidia mdogo kwa namna ya kumkuza au kwa namna ya kumdumaza.

Wakazi wengi wa Simiyu ni Wasukuma, nao ni wakulima na wafugaji wasiohitaji kufundishwa maana ya kazi. Wanalima kwa plau ya kukokotwa na ng'ombe. Wanalima mtama, mahindi, viazi vitamu, choroko, dengu, na mpunga katika majaluba. Zaidi ya yote wanalima pamba, na Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa zao hilo. Kwa vizazi vingi wamekuwa na elimu yao ya kujikinga na njaa, ambayo kwa Kisukuma huitwa nzala. Viazi hukatwa vipande na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha kuanikwa vikawa matobolwa, navyo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Nafaka huhifadhiwa katika vihenge. Malisho ya kiangazi hutengwa katika ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipate kukua, na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali. Watu wa namna hii wanapopungukiwa, haifai kuwaendea kama watoto wasiojua kitu. Yafaa kwanza kuuliza ni jambo gani lililovunja mipango yao.

3. Namna njaa inavyoifilisi kaya

Mvua za Simiyu huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Zinapokatika mapema, mavuno huwa haba, na miezi migumu kuliko yote huwa Januari, Februari na Machi ya mwaka unaofuata, wakati vihenge vimekwisha na shamba jipya bado ni kijani. Ukame wa miaka ya 1974 na 1975 uliilazimu nchi nzima kuagiza nafaka nyingi kutoka nje. Ukame mwingine ulifuata mwaka 1984, tena mwaka 2005 kuingia 2006, na tena mwaka 2016 kuingia 2017. Hali hii basi si ajali ya mara moja. Ni jambo linalorudi, na jambo linalorudi linaweza kuandaliwa.

Ni muhimu sana kuelewa jinsi kaya inavyoshuka hatua kwa hatua. Kwanza hupunguzwa mlo, kutoka mara tatu hadi mara moja kwa siku. Kisha huuzwa kuku, halafu mbuzi. Baba huenda kutafuta vibarua, na mama huchoma mkaa au hukata kuni za kuuza. Watoto huanza kukosa shule. Baada ya hapo hupelekwa mnadani ndama, kisha ng'ombe wa maziwa. Mwisho kabisa huuzwa maksai wa plau, na mbegu iliyotunzwa kwa msimu ujao huliwa. Wakati huo huo kila jirani naye anauza, kwa hiyo bei ya ng'ombe huanguka siku zile zile ambazo bei ya gunia la mahindi hupanda. Ng'ombe ambaye wakati wa neema angeleta magunia mengi, wakati wa njaa huleta machache.

Mvua zinaporudi, njaa inaonekana kwisha, na magari ya msaada yanaondoka. Lakini kaya iliyouza maksai sasa italima kwa jembe la mkono, tena kwa kuchelewa, kwa kuwa inalazimika kwanza kulima vibarua katika mashamba ya wengine ili ipate chakula cha siku. Shamba la ekari tano linakuwa la ekari moja na nusu. Mwaka unaofuata, hata mvua zikiwa njema, kaya hiyo itavuna kidogo. Njaa ya miezi mitatu imezaa umaskini wa miaka kumi. Mstari unaotenganisha majira magumu na ufukara wa kudumu hupita mnadani, siku maksai wanapouzwa.

4. Msaada wa dharura: faida yake na madhara yake

Kutokana na maelezo hayo, ni dhahiri kwamba msaada wa chakula haupaswi kudharauliwa. Gunia moja la mahindi linalofika mwezi Januari, kabla maksai hawajauzwa, limeokoa uhai wa watu, na pia limeokoa plau, mbegu na nafasi ya mtoto shuleni. Hilo ni jambo la maendeleo, ingawa kwa macho linaonekana kuwa chakula tu. Gunia lile lile likifika mwezi Aprili litajaza matumbo, nalo ni jema, lakini maksai watakuwa wamekwenda. Msaada wa dharura unaochelewa ndio unaogeuka kuwa msaada usiokwisha.

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, kina mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Kanisa la Antiokia lilipata habari, kwa kinywa cha nabii Agabo, kwamba njaa kubwa itakuja. Wanafunzi hawakungoja njaa ifike. Waliamua mapema, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli, na ukakabidhiwa kwa wazee wa kule. Hapo pana mambo matatu: walichanga kabla, walichanga kwa uwezo wao wenyewe, na walikabidhi kwa watu wanaoijua hali ya mahali. Katika nchi yetu kazi ya Yusufu wa Misri, ya kuweka akiba wakati wa neema, imekabidhiwa tangu mwaka 2008 kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ambao una kanda yake Shinyanga. Serikali ina ghala. Usharika nao unaweza kuwa na hekima ya ghala.

Hata hivyo msaada wa dharura unayo madhara yake. Chakula cha bure kinachoingia kijijini wakati wa mavuno humwangushia bei mkulima aliyefanikiwa kuvuna. Orodha inayoandikwa ofisini, bila wanakijiji kushirikishwa, huleta manung'uniko; hata Yerusalemu, katika sura ya 6 ya Matendo, wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika huduma ya kila siku, ikabidi wachaguliwe watu saba wenye sifa njema. Na mtu anayepangwa foleni, akashikishwa mfuko wa unga na kupigwa picha pamoja na watoaji, amepewa unga na kunyang'anywa heshima.

Mfano wa nguo unaeleza zaidi. Mkulima wa Bariadi huvuna pamba, na sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Nguo ambazo watu wa Ulaya na Marekani wametoa sadaka huletwa Afrika zikiwa mitumba, na mkulima yule yule huzinunua gulioni kwa fedha aliyopata kwa pamba. Mitumba imewavika watu wengi maskini kwa bei nafuu, na si haki kuisema vibaya tu. Lakini biashara hiyo, pamoja na sababu nyingine, iliyabana mno masoko ya viwanda vya nguo nchini. Nchi za Afrika Mashariki zilipoazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, Marekani ilitishia kuziondolea nafuu ya kuuza bidhaa zake huko, na mwaka 2018 Rwanda ilisimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Mtoaji wa shati kanisani kwake hakukusudia hayo. Nia njema ya mtoaji haitoshi kuwa kipimo cha sadaka.

5. Misaada iliyodumu na isiyodumu

Upande wa pili nao unahitaji kupimwa kwa haki, kwa maana neno "mradi wa kudumu" linaweza kuandikwa juu ya kitu chochote. Mwaka 1974 ulianza mpango wa visima vifupi katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, uliojumuisha pia maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu. Mpango huo ulifadhiliwa na Uholanzi, na mamia ya visima yalichimbwa na kuwekwa pampu za mkono. Kazi ilikuwa njema na ilihitajika. Lakini katika miradi mingi ya maji vijijini nchini imedhihirika kwamba kuchimba ni rahisi kuliko kutunza. Ramani ya vituo vya maji iliyotengenezwa na Serikali katika miaka ya 2010 ilionyesha kwamba karibu vituo 4 kati ya kila 10 vya vijijini vilikuwa havitoi maji. Mara nyingi kilichokosekana kilikuwa kipuri kidogo, au fundi, au mfuko wa kijiji wa kumlipa. Kisima kisicho na mwenyewe hakina tofauti na gunia la mahindi. Chote huisha, ila kisima huchelewa kidogo. Ndiyo maana Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019, iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), imeweka pia vyombo vya jamii vya kusimamia maji katika ngazi ya kijiji.

Mfano wa kutia moyo umo katika ardhi ile ile. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori makubwa ya Shinyanga ili kumwangamiza mbung'o. Mashamba ya pamba yalipanuka, mifugo ikaongezeka, na kuhamishiwa watu katika vijiji vya pamoja katika miaka ya 1970 kukawaacha wengi mbali na ngitili zao. Ilipofika miaka ya 1980 watu walisema kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, kwa msaada wa Norway na kwa ushirikiano na watafiti wa kilimo mseto. Mwanzoni wataalamu walisisitiza vitalu vya miche. Baadaye walitambua kwamba dawa ilikuwa tayari mikononi mwa wenyeji, nayo ni ngitili. Wakati mpango unaanza, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa hekta 600 hivi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800 vya Shinyanga ya wakati ule, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwemo. Kuni, nguzo, asali, dawa, matunda na malisho vilirudi karibu na nyumba.

Kuna mafunzo mawili katika habari hiyo. Kwanza, fedha za wageni zilitumika kuimarisha jambo ambalo wenyeji walikuwa nalo, wakalipa jina la lugha yao na sheria za kijiji chao. Fedha zilipokoma mwaka 2004, ngitili hazikuhama pamoja na magari ya mradi. Pili, kazi hiyo ilichukua miaka 18. Hakuna aliyeshiba ngitili katika mwaka wa kwanza. Anayeanza kazi ya namna hiyo hana budi kujua watu watakula nini wakati miti inakua.

Kanisa la Kilutheri nalo lina ushuhuda wake. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilianzisha nchini shirika la kuhudumia wakimbizi, TCRS. Walipokuja wakimbizi wa Burundi mwaka 1972, walipokewa kwanza kwa mahema, blanketi na chakula, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Lakini katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, kila familia ilipewa ardhi ya kulima, na mgao wa chakula ulipangwa kukoma baada ya familia kuvuna. Watu hao wakajilisha wenyewe na kuuza ziada, na mwaka 2014 wakimbizi hao na watoto wao zaidi ya 162,000 walipewa uraia wa Tanzania. Methali ambayo Mwalimu Nyerere alipenda kuikumbusha yasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia kuwakemea wavivu. Lakini methali hiyo ina amri tatu: mpokee, mlishe siku mbili, na siku ya tatu umpe jembe. Aliyeambiwa akalime bila kupewa jembe hajatendewa sawasawa na methali.

6. Wale wasioweza kushika jembe

Katika mazungumzo ya misaada endelevu kuna watu ambao husahauliwa kabisa. Ni bibi wa miaka sabini na mitano anayelea wajukuu wanne. Ni mzee aliyepofuka. Ni mama mwenye mtoto asiyeweza kutembea. Hao kuwaambia wajitegemee ni kuwafukuza kwa maneno mazuri. Katika Usukuma jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa vikongwe wengi, hasa wajane, wamepata mateso na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wakati mwingine kwa sababu tu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Bibi anayetembelewa kila mwezi na wazee wa Kanisa, na ambaye kijiji kinajua kwamba ana watu, hupata ulinzi ambao mfuko wa unga peke yake hauwezi kumpa.

Kwa watu hao, kudumu kwa msaada kunatokana na uaminifu wa mtoaji. Katika ukanda huu huu wa Ziwa, huko Nshamba wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi wanaolea wajukuu yatima. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye kiwango hicho kiliongezwa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, uliofikia kaya zaidi ya milioni moja nchini katika miaka ya 2010, uliunganisha njia zote mbili: ruzuku kwa kaya maskini, na ajira za muda katika miezi ya upungufu kwa wale wenye nguvu, wakichimba malambo na kutengeneza barabara za vijiji. Walengwa walitambuliwa katika mkutano wa kijiji. Usharika hauna haja ya kushindana na mpango wa Serikali. Unapaswa kuwatafuta wale ambao orodha imewapita.

7. Mambo yanayopendekezwa

Msamaria mwema, katika mfano wa Bwana Yesu, alifanya mambo matatu kwa utaratibu. Alifunga majeraha kwa mafuta na divai pale pale njiani. Akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake na kumfikisha mahali pa usalama. Kisha akamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kurudi na kulipa kilichopungua. Hakuchagua kati ya dharura na uendelevu. Kwa kufuata utaratibu huo, Wazee wa Kanisa wanaombwa wayatafakari mapendekezo yafuatayo:

(a) Sehemu ya kwanza ya sadaka iwe akiba ya chakula. Nafaka inunuliwe mwezi Julai au Agosti, wakati bei iko chini, na inunuliwe kwa wakulima wa Simiyu na jirani zao wenye ziada. Itunzwe huko huko, chini ya wazee wa sharika za mahali. Ifunguliwe mwezi Januari, kabla maksai hawajapelekwa mnadani. Mwaka ukiwa mwema, iuzwe kwa bei ya kawaida na fedha irudi katika akiba.

(b) Sehemu ya pili iwe ya kurudisha jembe. Kaya zilizokwisha kupoteza maksai zisaidiwe kwa utaratibu unaojulikana wa kopa ng'ombe, lipa ndama, ili anayepokea leo awe mtoaji kesho kutwa. Pamoja na hilo itolewe mbegu ya mtama unaokomaa mapema na ya viazi, na kuungwa mkono ngitili za vijiji pale zinapodhoofika.

(c) Sehemu ya tatu iwe ya wazee, wagonjwa na wenye ulemavu. Ahadi yake isiwe chini ya miaka kumi. Ni afadhali kuwahudumia watu kumi kwa miaka kumi kuliko watu mia kwa mwezi mmoja na kuwaacha.

(d) Walengwa wachaguliwe hadharani, katika kijiji, bila kuulizwa dhehebu wala dini. Msamaria hakuuliza.

(e) Kila mwaka, katika sikukuu ya mavuno, isomwe mbele ya Usharika taarifa fupi. Isiishie kutaja magunia yaliyotolewa. Ieleze kaya ngapi zilibaki na maksai wao, mbegu zao na watoto wao shuleni.

Yapo mambo ambayo Usharika hauwezi kuyafanya, nayo ni vema yatambuliwe. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mradi mkubwa wa kuyafikisha maji ya Ziwa Victoria katika Mkoa wa Simiyu, kwa ushirikiano na Benki ya Maendeleo ya Ujerumani, KfW. Miaka kadhaa ilipita kati ya idhini hiyo na ujenzi. Kazi za ukubwa huo ni za Serikali na mataifa. Lakini katika miaka hiyo ya kungoja, kaya nyingi zilikuwa zikiamua jioni kama maksai wapelekwe mnadani kesho yake au la. Nafasi ya Kanisa iko hapo, katikati ya mradi mkubwa ulio mbali na njaa ndogo iliyo mlangoni.

8. Hitimisho

Kila Jumapili, baada ya ibada, Usharika huu umezoea kunadi mazao yaliyoletwa madhabahuni: kuku, mayai, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Watu hununua kwa bei ya juu kuliko ya sokoni, nao hufurahi, kwa sababu ni mnada wa kujenga. Huko Simiyu upo mnada mwingine, ambapo katika mwaka wa ukame mtu huuza kwa bei ya chini kuliko yote kitu ambacho hakupaswa kukiuza. Sadaka inayopanda katika mnada wa kwanza inaweza kumzuia mtu asiende kwenye mnada wa pili. Ikifanya hivyo, itakuwa imetimiza maana ya Yubile, kwa kuwa shamba litakuwa limebaki kwa mwenyewe.

Akiba haiozi, wala haba na haba haikuacha kujaza kibaba. Usharika uliotunzwa na Mungu kwa miaka mia moja unao muda wa kuahidi miaka kumi. Mungu aibariki kazi ya mikono ya watu wa Simiyu, naye aijalie Yubile hii izae matunda yatakayobaki.